Nne ya Karani

"Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni inawatangazia wakazi wote wa bweni kwamba saa ya ukutani iliyokuwa katika ukumbi wa chini imeondolewa ili ibadilishwe betri. Katika kipindi hiki, wanafunzi wanaombwa kuendelea kujua wakati."

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu, likiwa na mihuri miwili. Aliyelisoma hadi mwisho ni mmoja tu, naye alisoma kila kitu hadi mwisho, hata maandishi ya sabuni. Alikuwa binti mmoja, fundi cherehani aliyekwenda China kujifunza Kichina ili siku moja azungumze na wauza vitambaa bila dalali, na bweni zima lilimwita Fundi.

Ufadhili wake ulilipa ada. Kuhusu kitanda, chakula na madaftari ya kuandikia herufi ulikaa kimya, pengine kwa imani kwamba mwenye kiu ya elimu haoni njaa. Cherehani zilipigwa marufuku vyumbani. Kwa hiyo alipunguza suruali za wenzake kwa sindano ya mkono, na sindano hiyo ililisha mtu mmoja, kwa shida. Kitanda kilitegemea posho ya kujikimu. Aliyekosa kikao cha posho, kilichofanyika mara moja kila muhula, alikosa kitanda, na asiye na kitanda alirudishwa kwao.

Miadi ilitolewa kwa mdomo, na karani. Mara tatu Fundi aliitwa kupeleka nyaraka, na mara tatu alifika kwa wakati. Akaamini kwamba sikio lake limeiva.

Aliyemharibia ni mwenzake wa chumbani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu waliyetoka naye nchi moja, aliyeitwa Kamusi kwa sababu hakuna aliyemwuliza kitu akajibiwa kwa neno moja.

"Kikao cha kesho karani kasema saa ngapi?" aliuliza Kamusi.

"Kasema *si*. Nne. Basi saa nne asubuhi, kama siku zote."

"Ngoja, mdogo wangu. Hawa huanza kuhesabu usiku wa manane. Nne yao ni kumi yetu. Saa kumi jioni."

"Acha utani, dada. Mbona nimekwenda saa nne mara tatu na nimemkuta?"

"Umemkuta kwa sababu karani haendi popote. Kesho ukienda saa nne utamkuta pia. Wanakikao ndio hutawaona."

Hoja ilikuwa na mantiki, na Fundi hakuwa mtu wa kugombana na mantiki. Kesho yake saa kumi jioni alifika ofisini na Kamusi, nguo zimepigwa pasi, akamkuta karani akifunga majalada kwa uzi. Kikao kilikuwa kimekwisha kufanyika saa nne asubuhi.

Fundi hakulia. Aliinama juu ya meza ya karani.

"Naomba unitajie nne."

"*Si*."

"Na kumi?"

"*Si*."

Vitabuni kumi huandikwa *shi*, lakini *sh* haikuwamo kinywani mwa karani. Kwake maneno hayo mawili yalitofautiana kwa sauti tu: nne ilishuka, kumi ikapanda.

"Tena," alisema Fundi. Karani akarudia mara kumi na moja.

"Posho imekupita," alinong'ona Kamusi, "na wewe unafanya mazoezi ya matamshi?"

"Nataka kujua niliwezaje kuwahi mara tatu."

Akajua. Karani alisema kumi, yeye akasikia nne. Simu ilipoandika 10:00, aliisoma saa nne, kama alivyofundishwa na mama yake. Makosa mawili yalikuwa yakiishi nyumba moja kwa amani, kama mke na mume waliokwisha kuzoeana. Kamusi akaja akamtimua mmoja. Elimu haina mwisho, husema watu. Hawasemi kwamba ina katikati, na kwamba hapo ndipo wengi huvunjika miguu.

Mkuu wa ofisi aliitwa. Alisikiliza, Kamusi akitafsiri kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake, kisha akachora saa mbili kwa penseli na kuzitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ulipokuwa hujui ulifika kwa wakati, na ulipojua ukachelewa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa muda wa saa sita kamili?"

"Kamili."

"Hili halijapata kutokea," alisema mkuu, kwa heshima.

"Na kitanda changu?"

"Subiri uamuzi."

Uamuzi ulibandikwa Ijumaa, kando ya tangazo la saa ambayo bado haikuwa imerudi. Nao ulikuwa na mihuri miwili:

"Baada ya kulichunguza suala hili kwa kina, Ofisi imeridhika kwamba mwanafunzi hakuchelewa kikao cha muhula huu. Itahesabiwa kwamba amewahi kikao cha muhula ujao, ambapo atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Kwa sasa anatakiwa kukabidhi ufunguo wa chumba siku ya Jumatatu, saa atakayotajiwa na karani."