Kifungo cha Shati la Mtembezaji

Tangu wawe watu wazima, Bi Sindano hakuwahi kualikwa matembezi na mdogo wake. Kwa hiyo siku alipoambiwa kuna nafasi kwenye basi la wauguzi wastaafu wanaokwenda kuangalia ndege wa baharini, jambo la kwanza aliloliuliza ni nani amekufa.

Hakuna aliyekufa, mdogo wake alimjibu. Ni kijiji tu cha pwani, kina mnara wa taa wa zamani na gofu la ghala la chumvi, na ndege wengi kuliko watu. Wangeenda asubuhi na kurudi jioni.

Bi Sindano alikuwa fundi cherehani. Wateja waliompa jina hilo walidai limetokana na kazi, ila mtaa mzima ulijua limetokana na ulimi. Aliishi nyumbani kwa mdogo wake, mjane aliyestaafu uuguzi, na cherehani yake ilikaa dirishani kwenye chumba cha mbele, mahali ambapo hakuna aliyepita bila kuonekana. Ukimpa zawadi, aliigeuzageuza kwanza. Jirani akimsalimu kwa uchangamfu kupita kawaida, kesho yake alimkwepa.

Ndani ya basi alimtazama mdogo wake kwa pembe ya jicho. Wauguzi wengine walikuwa wamevaa kofia na viatu vya kutembelea. Huyu wake alivaa gauni la buluu la kuendea harusini, tena kapaka wanja. Wanja, kwa ajili ya ndege. Bi Sindano akaliweka moyoni.

Walipofika, walipokewa na mtembezaji wa wageni, mwanamume mrefu mwenye ndevu za mvi na darubini shingoni. Aliwapa mkono mmoja mmoja. Alipomfikia Bi Sindano akasema, "Karibu sana, she—" akakohoa, kisha akamalizia, "karibu sana, mama."

Machale yakamcheza Bi Sindano. Maneno ya kumwita mtu yanayoanza hivyo ni machache: shehe, shetani, shemeji. Shehe hakuwa. Shetani aliwahi kuitwa, na wateja, lakini si neno la kumpokelea mgeni.

Kwenye mnara mtembezaji alieleza jinsi walinzi wa taa walivyopanda na mafuta mabegani, na jinsi wake zao walivyokesha kuiangalia taa pale waume walipougua. Bi Sindano, akiamini anapigiwa chuku, alimuuliza wake hao walikuwa wakilipwa na nani. Mtembezaji akafikiri, akasema hilo halijui. Jibu hilo likazidi kumtia wasiwasi. Tapeli mchanga hujua kila kitu. Aliyekomaa hukubali kutojua mambo madogo.

Kutoka hapo walipelekwa kwenye majabali. Shakwe walikuwa wakipiga kelele kama soko zima limegombana, na chini yao wanandi weusi wamesimama wametandaza mbawa zikauke, kama makoti kwenye kamba. Wauguzi wote walitazama ndege. Bi Sindano alimtazama mdogo wake, aliyesimama mbali na mtembezaji, mbali mno. Watu wasiojuana hupishana, hukanyagana, huombana radhi. Hawa wawili walikwepana kama waliokubaliana.

Mtembezaji akamsogelea ampe darubini. Alipoinama kuvua mkanda wake shingoni, kifua chake kikawa mbele ya macho ya fundi, na fundi akaona kifungo cha pili cha shati. Kilikuwa kimeshonwa upya. Uzi ulizungushwa chini yake hadi kikasimama kama kimevaa skafu, na fundo likafichwa upande wa ndani. Hivyo ndivyo mama yao alivyowafundisha wao wawili, na katika ufundi wake wote Bi Sindano hakukutana na mwingine aliyefunga hivyo. Aliiweka darubini machoni kwa adabu, asione hata ndege mmoja.

Akamshika mdogo wake mkono, akamvuta hadi ndani ya ghala la chumvi.

"Yule mwanamume unamshonea vifungo," alisema.

Mdogo wake aliutazama ukuta, ambao mpaka leo ulikuwa ukitoa jasho jeupe. "Ni mume wangu, dada. Tumeoana tangu kabla ya mvua."

Bi Sindano alikuwa amejiandaa kusikia uchumba. Akakaa juu ya jiwe. Akasimuliwa yote: jinsi bwana huyo alivyoteleza majabalini akavunjika mguu, akaletwa hospitali wodi ya mdogo wake kabla hajastaafu, na jinsi zile semina za wastaafu alizoaga kwenda kila Jumamosi zisivyokuwa semina.

"Anataka nyumba yako."

"Ndiyo maana sikukwambia. Marehemu mume wangu ulimwita mwizi mpaka tunamzika, na hakuniibia hata kijiko."

Mtembezaji akatokea mlangoni, akasimama pale pale, hakukaribishwa ndani. Fundi akamuuliza moja kwa moja atahamia mjini lini. Akasema hahamii. Ndege wale hawakuwa na mtu mwingine wa kuwazuilia wakusanya mayai.

"Mimi ndiye nitakayehamia huku," mdogo wake alisema taratibu. "Nyumba utabaki nayo wewe."

Muda wote ule Bi Sindano alikuwa akilinda mlango dhidi ya mtu wa kuiba nyumba. Kumbe nyumba hakuna aliyeitaka. Aliyetakiwa ni mwenye nyumba.

Wakampeleka kuona watakapoishi, vyumba viwili nyuma ya mnara. Alifungua kabati bila kuomba ruhusa, akanusa sufuria, akabonyeza godoro. Hakupata kasoro yoyote, na hilo halikumpa raha hata kidogo.

Jioni honi ilipolia, alirudi bila mdogo wake, aliyebaki na mumewe. Ndani ya basi wauguzi wakampa hongera kwa kupata shemeji, na hapo akatambua kwamba basi zima lilijua.

Aliivumilia ile nyumba tupu muda mfupi tu. Asubuhi moja akafunga cherehani, akapanda gari, akaenda bila taarifa, ili awakute kama walivyo. Aliwaona kutoka nyuma ya ukuta wa ghala: mdogo wake kakaa juu ya jiwe kando ya mumewe, amevaa kofia ya bwana huyo, anacheka kwa sauti ambayo dada mtu alikuwa ameisahau. Aliwachungulia mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe mdogo wake akageuka, akamuuliza kwa upole anatafuta nini pale.

"Nimekuja kuangalia ndege," alisema.

Mdogo wake akasogea, akampisha nafasi. Bi Sindano akakaa, mkoba mapajani, akaendelea kumtazama shemeji yake.