Alama Tatu za Mulei

Kule Mutomo ukichimba kisima huendi mbali kabla hujakutana na mwamba, na hapo ndipo mtu anajulikana alinunua mtaimbo gani. Kalondu alilijua hilo vizuri. Asubuhi ile alisikiliza kila mlio uliotoka kisimani.

Chini kule alikuwa mumewe, Nzuki, akibandua jiwe kubwa lililokaa juu ya maji. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, njaa ile iliyoitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa nimeshika, watu wanakufa na pesa mkononi kwa kuwa chakula cha kununua hakipo. Visima vya mchanga kule mtoni vilikuwa vimekauka. Nzuki asipofika maji wiki hiyo, ng'ombe wawili waliobaki wangefuata wenzao. Juu, Kalondu alishika kamba ya ndoo pamoja na jirani yao Kivuva, mzee wa kanisa.

Sasa ngoja nikuambie alichofanya huyu mama.

Wiki mbili nyuma Nzuki aliuza mbuzi, akampa mkewe pesa akanunue mtaimbo kwa Mulei, mhunzi wa pale sokoni. Mulei alifua mitaimbo yake kutoka kwa ekseli za lori kuukuu. Ilikuwa mizito, nyeusi tii, haina sura hata kidogo, na bei yake ilikutoa jasho. Lakini haikupinda. Na kila mmoja aliupiga alama tatu kichwani, chuma kikiwa bado chekundu kutoka motoni. Hatua chache kutoka hapo, dukani, ilisimama mitaimbo ya kiwandani, imepakwa rangi nyekundu inang'aa, bei nusu. Kalondu aliitazama huku na huku mpaka muuza duka akamcheka. Akina mama wote wa kwaya walikuwa wameshona nguo za buluu, yeye peke yake bado alisimama nyuma na rinda lake la shambani. Akajiambia chuma ni chuma tu. Akanunua ule wa rangi, na pesa iliyobaki akaipeleka kwa fundi cherehani.

Angeishia hapo ningemsamehe, maana nani hajawahi kutamani nguo? Lakini wee, njiani aliteremka mtoni, akaukwangua mtaimbo kwa mchanga mpaka rangi yote ikatoka, akaupaka majivu na oili chafu, kisha akachukua tindo na jiwe akaugonga alama tatu kichwani. Nzuki alipoupokea alizipapasa zile alama kwa kidole gumba, akasema asante. Nguo ya buluu ikalala sandukuni, chini kabisa, na Kalondu hakupata moyo wa kuivaa.

Na sasa mlio ulikuwa umebadilika. Tangu asubuhi ulilia ng'a, ng'a, lakini sasa ulitoka mzito, kama mtu anayegonga gogo lililooza. Kalondu alijua ni ule mtaimbo wa kiwandani unashindwa. Lakini aseme vipi mbele ya Kivuva? Kabla ya Jumapili kwaya nzima ingekuwa na habari. Aibu ikamfunga mdomo. Akajidanganya kwamba jiwe limebaki kidogo tu. Mara mawe madogo yakaporomoka, Nzuki akaguna kule chini, na Kalondu akaiachia kamba, akapiga magoti ukingoni akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Mbula, toka huko. Huo mtaimbo si wa Mulei. Nilikudanganya."

Kivuva, maskini, akaangalia pembeni.

"Najua," sauti ya Nzuki ilipanda polepole. "Alama hizi zimekatwa kwa tindo, na chuma cha Mulei kikishapoa hakishiki tindo. Nilijua siku ile ile."

"Na ukashuka nao?"

"Nilikuwa nangoja uniambie." Alipumua kwa shida. "Sasa kimbia kwa Mulei. Jiwe limenibana mguu. Mtaimbo huu ndio umelizuia lisishuke zaidi, na umeanza kupinda."

Kalondu alikimbia miguu mitupu, leso ikamdondoka njiani hakugeuka. Mulei hakuuliza lolote. Alichukua mtaimbo mmoja begani, akawaita vijana wawili wa karakana ya jirani, wakafuata mbio. Walipomteremsha kwa kamba aliukuta ule wa kiwandani umejikunja kama ufito na Nzuki anauma kola ya shati. Mulei aliingiza wake chini ya jiwe, akaulalia kwa kifua, na jiwe likanyanyuka. Wakamvuta Nzuki juu. Mulei alipotoka nyuma yake suruali ilikuwa imelowa hadi magotini kwa maji yaliyotoka chini ya jiwe, kwa hiyo ng'ombe walikunywa jioni hiyo.

Hospitali ya misheni ikakata vidole vitatu vya mguu. Kalondu alimpelekea uji kila siku akingoja kugombezwa, hata kupigwa angeona afadhali. Nzuki alikunywa uji, akauliza habari za ng'ombe. Jumamosi alimrudishia kikombe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya kisima.

"Ile nguo ya buluu iliyo sandukuni," alisema. "Kesho uivae, uje nikuone."

Kalondu aliivaa. Alipita nayo katikati ya wodi, kitanda hadi kitanda, wagonjwa wakimsifu kwamba amependeza. Nzuki naye akasema imemkaa vizuri, akasogeza mguu uliofungwa bendeji ili mkewe apate mahali pa kukaa.