Wimbo wa Kusindikiza

"Simama, babu! Simama!" Vannary alipayuka, akivua spika za masikioni. "Jogoo wa jirani kaniharibia rekodi!"

Upinde ukakwama juu ya zeze la nyuzi tatu. Mzee Phoeun, babu yake mzaa mama, alimkodolea macho kama mtu aliyezabwa kofi. Ubani ulikuwa bado unafuka, na kuku wa tambiko yuko pale pale mkekani.

"Wewe mtoto una wazimu? Mzimu nimeshamwita, yuko ngazini. Sijamkaribisha, sijamsindikiza, unaniambia nisimame?"

Loo! Hapo ndipo Vannary alipokumbuka. Tangu utotoni, hapo hapo mkoani Takeo, alijua kwamba muziki wa mizimu haukatizwi. Lakini akili yake yote ilikuwa kwenye kinasa sauti. Mwezi mzima hakulala vizuri, akiomba mkono wa babu usizidi kutetemeka kabla hajazirekodi nyimbo zile. Wapigaji wenzake babu wote walifia mashambani, enzi zile za njaa na mauaji. Nyimbo zilibaki kwake peke yake.

"Basi msindikize, babu. Nisamehe."

Mzee akajaribu. Upinde ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Akautazama mlango, jasho linamtiririka.

"Shika wewe."

"Mimi? Babu, mimi kazi yangu kubonyeza tu!"

"Si umekulia magotini pangu ukiusikia wimbo huu? Shika, mgeni anasubiri!"

Akashika. Zeze likalia kama paka aliyekanyagwa.

"Chini! Chini zaidi! Huo ni upinde au mwiko wa uji?"

Mzee akamwimbia, akamtukana, akamwimbia tena. Vannary alikosea, akarudia, mpaka akaufikia mwisho wa wimbo. Babu akainama kuelekea ngazini, akashusha pumzi.

"Kaenda. Kanuna, lakini kaenda."

Ndipo Vannary alipoiona taa nyekundu. Mashine haikuwa imezimwa hata kidogo.

Babu hakushika upinde tena. Mvua zilipoanza, wakamzika. Wenye studio kule Phnom Penh wakamsihi Vannary ayafute yale matusi, wimbo utoke msafi.

"Thubutu!" akawajibu.

Maana mpaka leo, kila anapoupiga, katikati pale hupotea. Na kinachomrudisha njiani ni ile sauti inayomfokea: chini, chini zaidi.