Kola ya Filamu

Fundi cherehani alikuwa amechoka. Si uchovu wa kushona, huo dawa yake ni usingizi. Huu ulikuwa uchovu wa kuvua blauzi mbele ya watu. Miaka mitatu nyuma madaktari walimtoa uvimbe wa saratani wakaliacha titi, wakalichoma mionzi, na tangu hapo kila mwaka linabanwa kwenye mashine ya picha. Safari hii zimeonekana chembe nyeupe za chokaa, zimejikusanya kando ya kovu.

Daktari wa picha hakuzunguka mbuyu. Titi lililopasuliwa na kuchomwa huweza kujiwekea chokaa lenyewe, isiwe na neno. Ila saratani nayo ikirudi huweza kuanza hivyohivyo. Kama chembe zilikuwepo mwaka jana, zile zile, watangoja. Kama ni mpya, sindano ya kuchota kinyama cha kupima. Akaomba picha ya mwaka jana, maana hospitalini hapo kila mgonjwa hutunza picha zake.

Fundi akakosa pa kuuweka uso. Picha aliikata. Filamu ngumu vile, haikunjiki, haichaniki, fundi gani angeitupa? Aliifanya kiolezo cha kola, na nusu ya wanaume wa mtaa wao walivaa shingoni kola zilizopimwa kwa titi lake.

Nyumbani mumewe alipekua kikapu cha vitambaa akitafuta vipande vya picha, hakumlaumu.

"Mama watoto," alisema, "heri hukumgawia fundi mwenzio."

Kesho yake daktari aliipokea kola ya filamu na vipande vilivyobaki, wala hakucheka. Alivipanga juu ya ubao wa taa, akashika lenzi. Kwa bahati kovu lilikuwa zima, kwenye ncha ya kola. Fundi naye akainama, akitafuta kama anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Miaka yote aliomba picha ije safi. Leo aliomba uchafu, hata punje mbili tatu, kuukuu, zisizo na haraka. Aliogopa, na aliona aibu kuombea jambo kama hilo.

"Hapa hapana kitu, mama," daktari alisema taratibu. "Pasafi kabisa."

"Kwa hiyo hizi ni mpya."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaanza kumtafutia nafasi wiki ijayo. Fundi akamkatiza.

"Sindano iwe leo, daktari. Nikifika nyumbani sitarudi."

Akaanza kufungua vifungo vya blauzi, kuanzia kile cha kwenye kola.