Ngoma ya Nyakatuntu Mjini Kayanga

Mukashema akiikumbuka sikukuu ya ngoma ya Kayanga, mwaka themanini na nne, hutabasamu peke yake shambani. Mji mzima ulitoka kucheza na kunywa rubisi. Yeye na mumewe Mbonimpa, mpiga ngoma, walikuwa wametangulia jana yake. Lori la wachezaji wenzao wa kijijini kwao Nyakatuntu lilikwama njiani kwenye matope.

Zamu yao ikaitwa, Mbonimpa akaanza kupiga ngoma. Mukashema akaingia uwanjani peke yake, aibu imemjaa, akainua mikono kama pembe za ng'ombe.

Ndipo Verdiana, muuza vitenge kutoka Muleba, akavua viatu na kumfuata.

"Dada, nifundishe. Utachezaje peke yako na sisi tupo?"

"Inua mikono, mama, ila usiikaze," Mukashema akamwambia.

Wengine nao wakajitosa, Wahaya kwa Wanyambo, hata karani wa kata na tai yake. Lori lilipofika jioni, wenzake walikuta mji mzima ukicheza ngoma yao, tena vibaya mno. Walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakaingia kati.

Baadaye Verdiana alihamia Bukoba na hawakuonana tena. Mukashema alipojifungua binti yake wa mwisho, alimpa jina la Verdiana.