Gemu Isiyojua Giza

Mwaka huu wakubwa waliamua kwamba mtu hapewi kibali cha kuweka mizinga msituni mpaka acheze gemu. Sitanii. Watu wazima wenye wajukuu tukaitwa Tabora mjini, tukae mbele ya kompyuta tufuge nyuki wa kuchorwa. Ukimaliza, mashine yenyewe inakutolea kibali. Usipomaliza, mizinga yako inashushwa mitini. Mimi ninayo sitini na miwili kwenye miti ya miyombo nyuma ya kijiji cha Kigwa, na sina kingine.

Nikapanda treni, nikafika asubuhi. Bwana nyuki wetu, yule afisa wa ufugaji nyuki, ni kijana, jina lake Majidi. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, mkono haujawahi kuvimba kwa mwiba.

"Shikamoo, mzee Raymundi."

"Marahaba."

Akanionyesha. Unatundika mzinga, asali inajaa, kisha chini yanatokea maneno mawili: Vuna na Subiri. Juu ya kioo kuna jua linatembea.

Nikatundika vizuri. Asali ikajaa. Nikabonyeza Subiri, jua likashuka. Lilipogusa miti tu, kioo kikawa cheusi tii, gemu imekufa.

"Zima, washa," akasema Majidi.

Nikazima, nikawasha, nikatundika upya. Jua likagusa miti. Cheusi.

"Vidole vyako vigumu, mzee. Unabonyeza kama unapasua kuni."

Akanihamishia kompyuta nyingine. Ikazimika palepale. Akasema ni joto, akaleta feni. Nikapepewa kama mgonjwa, ikazimika vilevile. Akafuta gemu yote, akaiingiza upya kwa flashi, anajifuta jasho kama mtu aliyetoka kuchimba kisima. Ikazimika. Waliopanga foleni nyuma yangu wakaanza kucheka.

Masolwa, tunayepakana naye msituni, alikuwa ameshamaliza zamani, amekaa dirishani anakula karanga.

"Raymundi, hiyo mashine umeiroga."

"Wewe umevuna saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Nimeona neno Vuna, nikavuna."

"Na kule msituni unavuna saa sita?"

"Nina kichaa? Si nyuki wataniua mimi, na ng'ombe wa watu njiani." Akatupa ganda. "Hii ni gemu, ndugu yangu."

Hapo nikaelewa. Kompyuta hazikuwa mbovu, wala vidole vyangu. Walioitengeneza gemu ile walitengeneza mchana peke yake. Usiku hawakuuweka, kwa sababu hawajui kwamba sisi tunavuna giza likishaingia, nyuki wametulia. Na hakuna hata mmoja wao aliyepanda treni kuja kutuuliza. Watu wa namna hiyo ndio wanaopandishwa vyeo.

Nikamweleza Majidi. Akatabasamu kwa adabu. "Mzee, huu mfumo umetengenezwa na wataalamu."

Neno mfumo nalijua. Mke wangu Apolinaria alilala kwenye benchi la hospitali toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane, mfumo umezimika, jina lake haliingii. Niliwaomba waliandike kwenye karatasi ili daktari amwone. Wakasema mfumo haukubali karatasi. Ulipowaka, jina liliingia. Mwenye jina alikuwa ameshaondoka duniani.

Nikakaa tena, maana mizinga yangu siitaki chini. Nikatundika, asali ikajaa, na jua likiwa utosini nikabonyeza Vuna kama mwizi. Nyota zikamwagika kwenye kioo, ngoma ikalia, mashine ikatema karatasi. Majidi akanipigia makofi.

"Umeona? Ulikuwa hufuati maelekezo."

Nikaisoma taratibu, herufi kwa herufi, nilivyofundishwa mpaka darasa la nne nilipoishia. Raymundi. Mizinga sitini na miwili. Ruhusa ya kuwa msituni: saa tano asubuhi hadi saa saba mchana.

"Hizi saa kaziandika nani?"

"Mfumo, mzee. Unafuata muda uliovuna."

"Nikikutwa huko usiku?"

"Hapo askari wa msitu atakukamata. Ukitaka saa za usiku, cheza tena, uvune usiku."

Masolwa akaacha kutafuna. Akaitoa karatasi yake mfukoni, akaanza kuisoma.

Nikainuka, nikamvutia kijana kiti. "Kaa wewe, bwana nyuki. Mimi vidole vyangu vigumu."

"Akae," foleni ikasema.

Akakaa. Akatundika, akasubiri. Jua likagusa miti, kioo kikawa cheusi. Akazima, akawasha. Cheusi. Akahamia kompyuta ya pili. Cheusi.

"Mleteeni feni," akasema Masolwa.

Nikainama sikioni mwake. "Unabonyeza kama unapasua kuni, mwanangu."

Akavuta kibali changu, akatoa kalamu, akazikata zile saa, akaandika juu yake: mchana na usiku. Akagonga muhuri. Mwandiko mzuri kabisa. Masolwa akasukuma karatasi yake mbele, na wote waliokwishamaliza wakarudi kupanga foleni.

Kazi yote ile haikuchukua muda wa kumenya karanga moja. Na kalamu ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi. Hata kule hospitali kalamu zilikuwepo. Niliziona, zimejaa kwenye kikombe, pale mezani.