Taa Kutoka Shimoni

Bi Fakhriya alikuja kutoka mji wa Izki na neno moja mdomoni: hapana. Shimo lile la kuchimbia shaba nyuma ya kijiji cha Samad lilimwangukia mumewe Khalaf, hakuweza kutolewa, akasaliwa sala ya maiti pale pale mlangoni pa shimo. Ndilo kaburi lake. Leo watu wa umeme wanataka kutundika jiwe ndani yake! Waliahidi kwamba mjane akikataa wataondoka, na wa kumbembeleza wakamtuma mjukuu wake mwenyewe, Shatha, mhandisi. Wajanja hao.

Shatha alimwamkia shikamoo, akamkalisha, akamweleza taratibu. Mchana umeme wa jua unalivuta juu jiwe la saruji, zito kuliko nyumba. Magharibi ikiingia linaachiwa lishuke, na kule kushuka ndiko kunakozungusha mashine ya umeme. Ujia alimolala babu umezibwa, hauguswi. Bibi alikubali jaribio moja tu, na hilo ni ili apate kukataa kwa hoja. Mambo mapya mangapi ameyaona yakizima kabla ya isha.

Wakasali magharibi, kisha kamba za chuma zikalia, na jiwe likaanza kuzama. Halikuanguka. Lilishuka kwa adabu, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba yenye mgonjwa. Bibi akasahau hata kuvuta pumzi. Jabali zima, na linatii, subhanallah! Khalaf alikuwa akishuka alfajiri na kupanda magharibi. Hili hupanda na jua na kushuka usiku unapoingia, utasema wamepokezana zamu.

Taa zikawaka. Kwanza ya mlangoni pa shimo, kisha za njiani, moja baada ya moja mpaka kwenye mitende, na nuru yote ile inatoka chini, alikolala Khalaf.

Kwao Unguja, alikozaliwa kabla ya kuhamia Izki, taa ya magharibi ikiwashwa, waliomo ndani huamkiana masalkheri. Tangu afiwe, Bi Fakhriya huwasha taa peke yake na hana wa kumwamkia. Jioni ile ulimi ulimtangulia.

"Masalkheri, Khalaf."

Machozi yakamtoka, asiyafute. Shatha aliingiwa na hofu kwamba wamemuumiza bibi yake, akamwinamia.

"Bibi, tuzime?"

"Mume wangu kaniwashia taa, nyinyi muizime? Wacheni iwake."